Usalama wa watoto shuleni: Tusisubiri msiba ndipo tukumbuke

Na Mwandishi Wetu

SAA 11 alfajiri, wakati wakazi wengi wa Jiji la Dar es Salaam wakiwa bado usingizini, mtoto wa darasa la kwanza huwa ameshaamshwa, ameshaogeshwa na kuvalishwa sare. Nusu saa baadaye husimama na dada wa kazi kando ya barabara, begi likiwa kubwa kuliko mgongo wake, akisubiri gari la shule ambalo litazunguka mitaa mitano au sita kabla ya kufika linakokwenda.

Mwenzake anayesoma shule ya Serikali hana gari la kumfuata. Yeye hutembea kwa miguu, pengine akiwa amemshika mkono mdogo wake wa darasa la awali, na njiani hulazimika kuvuka barabara kuu ambayo malori, daladala na bodaboda huipita bila kupunguza mwendo.

Watoto hao wawili wanatofautiana kwa ada, kwa sare na kwa kipato cha wazazi wao. Hata hivyo, wanafanana katika jambo moja kubwa. Mzazi akishafunga mlango wa nyumba yake huamini kwamba kazi yake imekwisha na ya shule imeanza. Mwalimu naye huamini kwamba kazi yake huanza pale kengele ya mstarini inapogongwa.

Kati ya mlango huo na kengele hiyo ipo saa moja, wakati mwingine mbili, ambazo mtoto huyo hana mwenyewe. Na hata baada ya kengele kugongwa, zipo sehemu nyingi ndani ya uzio wa shule ambazo ukiuliza nani anazisimamia, hutapata jina la mtu.

Hilo ndilo tatizo ambalo makala haya yanakusudia kulichambua. Mara nyingi tunapozungumzia usalama wa watoto shuleni, tunazungumzia misiba. Lakini msiba ni matokeo ya mwisho. Unaanza na mambo madogo ambayo kila mmoja aliyaona na kudhani kwamba yupo mwingine anayeyashughulikia.

Majonzi, maagizo, kisha ukimya

Mei 6, 2017 ni siku ambayo taifa haliwezi kuisahau. Basi dogo lililokuwa limewabeba wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya jijini Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu, wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio na wenzao wa shule nyingine.

Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Watoto watatu tu ndio walionusurika, nao walipelekwa Marekani, katika mji wa Sioux City, Jimbo la Iowa, kwa matibabu, wakarejea nyumbani miezi michache baadaye.

Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulifurika waombolezaji. Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliongoza shughuli ya kuaga miili. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo magari ya wanafunzi yalisimamishwa na kukaguliwa barabarani katika miji mbalimbali, na wazazi walianza kuuliza maswali ambayo hawakuwa wakiyauliza: gari lina viti vingapi, mikanda ipo, dereva ni nani?

Miaka saba baadaye, Aprili 12, 2024, jiji hilohilo la Arusha liliamka na taarifa nyingine. Gari la shule lililokuwa likiwapeleka watoto masomoni asubuhi wakati wa mvua kubwa lilisombwa na maji ya mafuriko. Wanafunzi kadhaa walikufa, na mmoja wa watu waliojitosa majini kuwaokoa naye akapoteza maisha.

Matukio haya mawili hayafanani katika chanzo chake. La kwanza lilikuwa la ajali katika mteremko na la pili la maji. Lakini yanatufundisha jambo moja: kwamba kwa saa ambazo mtoto yupo ndani ya gari, uamuzi wote kuhusu uhai wake huwa mikononi mwa mtu mmoja, yaani dereva. Yeye ndiye huamua mwendo. Yeye ndiye huamua kama maji yanapitika au hayapitiki.

Swali la kujiuliza ni hili: je, yupo mtu ambaye dereva huyo anaweza kumpigia simu asubuhi ya mvua na kuambiwa, "Rudi, leo usivuke"? Shule ngapi zina utaratibu wa maandishi unaosema kwamba mvua ikizidi kiwango fulani watoto hawachukuliwi, na kwamba dereva atakayerudi hatakatwa mshahara wala kufokewa kwa kuchelewa?

Bila utaratibu wa namna hiyo, tunamwachia dereva achague kati ya kibarua chake na maisha ya watoto. Hilo si suala la uzembe wa mtu mmoja tu, ni suala la namna tulivyopanga kazi.

Mwaka 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia iliagiza magari ya wanafunzi yawe na wahudumu wa jinsi zote mbili, wa kike na wa kiume. Ni hatua ya kupongezwa, kwa kuwa lengo lake ni kuhakikisha mtoto habaki peke yake na mtu mzima mmoja ndani ya gari. Hata hivyo, agizo lolote hupimwa kwa kile kinachoonekana barabarani saa 12 asubuhi, wala si kwa wino wa waraka.

Dar es Salaam ilikwishapata jibu

Kwa mtoto anayetembea kwa miguu, jambo la kutia moyo ni kwamba dawa inajulikana, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ulipatikana hapahapa Dar es Salaam.

Shirika la Amend lilianzisha mpango wa kutathmini na kurekebisha barabara zinazozunguka shule za msingi zenye hatari kubwa, ambao kwa kifupi cha Kiingereza unajulikana kama SARSAI. Wataalamu huenda shuleni, huwauliza walimu na wanafunzi ni wapi watoto hugongwa, kisha hutembea njia zilezile ambazo watoto hupita.

Baada ya hapo hufanyika mambo ambayo hayahitaji mabilioni: matuta ya kupunguza mwendo, vivuko vya waenda kwa miguu vilivyochorwa vizuri, njia ya miguu iliyotenganishwa na barabara, vizuizi vya kuzuia magari kupanda juu ya njia hiyo, na alama. Katika shule nyingine kilichofanyika ni kuhamisha lango kutoka upande wa barabara kuu kwenda upande wa barabara ya mtaani.

Utafiti uliofanyika jijini Dar es Salaam ukilinganisha shule zilizofanyiwa marekebisho hayo na zile ambazo zilikuwa bado, ulionyesha kuwa majeraha ya wanafunzi yatokanayo na ajali za barabarani yalipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulitwaa tuzo kuu ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI ya nchini Marekani.

Kwa nini tuta la lami linaweza kufanya kile ambacho mabango na semina vimeshindwa? Jibu lipo katika hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi, hutembea karibu mita 14 kwa sekunde moja. Linalokwenda kilomita 30 kwa saa hutembea mita nane na kidogo.

Sekunde moja ndiyo muda ambao dereva makini huutumia tangu kumwona mtoto hadi mguu wake ufike kwenye breki. Katika sekunde hiyo pekee, tofauti ni takribani mita sita, yaani upana wa barabara nzima ya mtaani. Mtoto ambaye gari la kwanza lingemgonga, la pili lingesimama kabla ya kumfikia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watoto na magari hukutana.

Ikumbukwe pia kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria mwendo wa gari kama mtu mzima. Kimo chake hakimruhusu kuona juu ya gari lililoegeshwa, na dereva naye hamwoni. Kumfundisha kutazama kulia, kushoto na kulia tena ni jambo jema, lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemtwika mtoto mzigo ambao ni wa mhandisi.

Hapa ndipo suala la kuwajibika linapojitokeza. Barabara kuu ni za Wakala wa Barabara (Tanroads). Barabara za mijini na vijijini ni za Tarura. Shule za msingi za Serikali zipo chini ya halmashauri. Polisi wa usalama barabarani wapo chini ya wizara nyingine. Mwalimu mkuu anayetaka tuta mbele ya shule yake hulazimika kubisha hodi katika ofisi ambazo hazipo chini ya mwajiri wake, na mara nyingi hukata tamaa kabla ya kujibiwa.

Bweni: tumemtoa mtoto wapi na kumpeleka wapi?

Wapo wazazi ambao kwa kuikwepa adha hiyo ya barabara, au kwa sababu ya kazi zinazowaondoa nyumbani alfajiri na kuwarudisha usiku, waliamua kuwapeleka watoto wao bweni wakiwa bado wadogo mno.

Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020 moto uliteketeza bweni la wavulana la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Watoto 10 walikufa. Walikuwa wadogo, wengine wakiwa na umri wa miaka sita tu.

Jirani zetu wa Kenya nao wameonja uchungu huo. Septemba 2024 moto ulizuka usiku katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, na kuua wavulana 21. Serikali ya nchi hiyo ilieleza kuwa zaidi ya watoto 150 walikuwa wakilala katika bweni hilo lililojengwa kwa mbao.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba Kenya ilikuwa na mwongozo wa usalama shuleni tangu mwaka 2008. Mwongozo huo unataka bweni liwe na mlango kila upande, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2. Kila neno lililohitajika kuandikwa lilikuwa limeandikwa. Baada ya msiba ule, ukaguzi ulifanyika na shule za msingi zaidi ya 300 zikafungiwa huduma ya bweni. Maana yake ni kwamba kasoro zilikuwapo na zilionekana mara tu mkaguzi alipokwenda kutazama.

Hapa kwetu, Serikali ilichukua mkondo mwingine. Kupitia waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023, huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne ilipigwa marufuku kuanzia Machi 1 ya mwaka huo, isipokuwa kwa shule zitakazopewa kibali maalumu. Hoja ya msingi ilikuwa kwamba mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya mzazi na si ya mlezi mmoja mwenye watoto 50.

Ni hoja nzito na ni vigumu kuipinga. Lakini mchambuzi hana budi kuuliza swali linalofuata. Mtoto aliyetolewa bweni alikwenda wapi? Jibu ni kwamba alikwenda barabarani. Yeye ndiye yule anayeamshwa saa 11 alfajiri.

Marufuku ya bweni kwa watoto wadogo, bila usafiri salama na bila shule nzuri karibu na makazi, ni sawa na kuhamisha hatari kutoka usiku kwenda asubuhi. Hatusemi kwamba watoto warudishwe bweni. Tunasema kwamba uamuzi ule ulikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili bado inasubiri mtu wa kuifanya.

Kwa watoto wa darasa la tano na kuendelea ambao bado wanalala bweni, mzazi hahitaji kuwa mhandisi ili kujua usalama wao. Siku ya kumpeleka mtoto, na aingie bwenini. Atazame kama madirisha yana nondo zisizofunguka. Aulize mlango hufungwa kwa kofuli usiku na ufunguo hushikwa na nani. Ahesabu vitanda. Aulize ni lini mara ya mwisho watoto walifanyishwa zoezi la kutoka nje gizani. Shule isiyotaka kujibu maswali hayo imeshatoa jibu.

Fimbo ambayo kanuni haiijui

Tukiingia darasani, tunakutana na jambo ambalo limegawanya maoni ya wazazi na walimu kwa muda mrefu. Nalo ni adhabu ya viboko.

Wengi hawajui kwamba hata sheria inayoruhusu viboko Tanzania Bara imeweka mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike anapaswa kuchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama aliyepo ni mwalimu mkuu. Na kila adhabu lazima iandikwe katika kitabu maalumu.

Ukienda katika shule nyingi na kuomba kuoneshwa kitabu hicho, uwezekano mkubwa ni kwamba utaoneshwa mshangao. Mwalimu wa zamu hushika fimbo mstarini kwa wachelewaji. Mwalimu wa somo hushika fimbo kwa waliokosa hesabu. Kiranja naye, asiyetajwa na kanuni yoyote, hupewa yake.

Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano katika Manispaa ya Bukoba alikufa baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma za wizi. Mwalimu huyo alishitakiwa, na Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kosa la mauaji. Januari 2023 picha za video kutoka mkoa huohuo wa Kagera zilisambaa zikimwonesha mwalimu mkuu akiwachapa wanafunzi kwenye nyayo. Mamlaka zilichukua hatua dhidi yake haraka.

Lakini ni vema tukajiuliza: kama mtu aliyekuwa na simu asingerekodi, nani angejua? Na ni mara ngapi jambo kama hilo hutokea mahali pasipo na simu?

Watetezi wa viboko husema kwamba wao walichapwa na wakawa watu wazima wenye adabu. Hoja hiyo ina mashiko kwao, lakini inawasahau waliochapwa wakaacha shule, ambao hawapo mezani kutoa ushuhuda. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na shule zake hazikufungwa kwa kukosa nidhamu.

Kwa upande mwingine, si haki kumtazama mwalimu kama katili. Baada ya ada kufutwa katika shule za msingi na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, na tena baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016, watoto walimiminika shuleni. Leo shule za msingi zina wanafunzi zaidi ya milioni 11. Hakuna mwenye nia njema anayetaka kurudi nyuma. Lakini kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja, na mwalimu mwenye wanafunzi mara mbili au mara tatu ya hao hushika fimbo si kwa sababu anaipenda, bali kwa sababu hajui namna nyingine ya kunyamazisha chumba.

Hivyo basi, anayetaka fimbo iondoke hana budi pia kudai walimu waongezwe na wafundishwe njia nyingine za kuongoza darasa. Kudai moja bila jingine ni kumwonea mwalimu.

Yale ambayo mtoto hayasemi

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Ulikuwa ni ujasiri, kwa kuwa nchi chache zilikuwa tayari kujitazama katika kioo cha namna hiyo.

Utafiti huo ulionyesha kwamba takribani wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Njia ya kwenda na kurudi shuleni ilitajwa miongoni mwa mahali ambako matukio hayo hutokea. Wengi wa waathirika hawakumwambia mtu yeyote.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ni kali, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Ipo namba ya simu ya kumsaidia mtoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo. Upo Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA), ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa mwaka 2024, na umeelekeza kuanzishwa kwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule.

Kinachokosekana ni sikio lililo karibu. Mtoto wa miaka tisa hatafunga safari kwenda kituo cha Polisi. Atazungumza, kama atazungumza, na mwalimu anayemwamini, na atazungumza kwa mafumbo: tumbo linauma, sitaki kupita njia ile, sitaki kwenda kwa mjomba. Mwalimu mwenye madaftari 150 ya kusahihisha hana nafasi ya kusikia fumbo.

Ndiyo maana suala la kila shule kuwa na mwalimu wa unasihi, anayejulikana kwa jina na kwa sura na kila mtoto, na aliyepunguziwa vipindi ili afanye kazi hiyo, si anasa. Mradi wa Boost, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 500 ulioidhinishwa Desemba 2021, umeuweka mpango wa Shule Salama miongoni mwa malengo yake. Kipimo chake kisiwe idadi ya semina zilizofanyika. Kiwe ni kumsimamisha mtoto yeyote uwanjani na kumuuliza: ukipatwa na jambo baya, utamwambia nani? Akitaja jina, mpango umefika. Akinyamaza, bado.

Choo, maji na uji

Usalama pia una sura ya kawaida ambayo haiandikwi kurasa za mbele. Kiwango cha taifa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa shule yenye wanafunzi 1,000, nusu wakiwa wasichana, hayo ni matundu 45.

Msomaji anayeijua shule ya mtaani kwake anaweza kwenda kuhesabu. Anapoona foleni ya watoto wakati wa mapumziko, aelewe kwamba wapo wasiopanga foleni hiyo, ambao wamejibana tangu asubuhi au wamekwenda vichakani, na wapo wasichana wa darasa la sita na la saba ambao kwa siku kadhaa kila mwezi hubaki nyumbani.

Chakula nacho ni hivyohivyo. Wakati elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kwa kiwango cha Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ukigawa kwa siku 194 za masomo, unapata kama Sh50 kwa siku, na fedha hizo si za chakula. Uji wa shuleni, kwa hiyo, umeachwa kwa wazazi wenyewe.

Mahali ambapo wazazi walikaa, wakakubaliana kiasi cha mahindi na kuchagua wa kusimamia, watoto hunywa uji. Mahali ambapo mkutano uliishia katika ubishi wa kama elimu ni bure au si bure, watoto hulala juu ya madawati ifikapo saa tano. Elimu bila ada haikumaanisha elimu bila mzazi, na ni vizuri viongozi wa kisiasa wakalisema hilo waziwazi hata kama halileti makofi.

Kila kitu kiwe na mwenyewe

Ukiyatazama yote haya kwa pamoja, utaona kwamba hatuna upungufu mkubwa wa sheria, miongozo wala nyaraka. Tuna upungufu wa majina. Kila hatari iliyotajwa hapa inao watu watano wanaohusika nayo kwa mbali, na hana hata mmoja anayeulizwa kwa karibu.

Pendekezo letu ni dogo. Kila shule ya msingi, ya Serikali na ya binafsi, iwe na karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, ambayo mzazi yeyote anaweza kuisoma. Iandikwe: nani anasimamia kivuko asubuhi na mchana, nani anakagua magari na anaamua siku za mvua, nani anashika ufunguo wa bweni, nani anaandika kitabu cha adhabu, nani ni mwalimu wa unasihi, nani anasimamia vyoo na maji. Kila swali liwe na jina la mtu mmoja, wala si kamati.

Wathibiti ubora wa shule wanapokwenda kukagua, waanze na karatasi hiyo kabla ya kufungua maandalio ya masomo. Kamati ya shule iisome kwa sauti katika kila mkutano wa wazazi. Na mwenyekiti wa Serikali ya mtaa, ambaye ndiye anayejua ni kona gani watoto hugongwa na ni gofu gani vijana hujificha, awe sehemu ya mazungumzo hayo.

Hilo halihitaji mkopo. Linahitaji karatasi, kalamu na watu walio tayari kuandikwa majina.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa suala la watoto, methali hiyo ina upungufu, kwa sababu ukuta hujengwa upya. Wazazi wa Arusha, wa Kyerwa na wa Nyeri wanajua kwamba kipo kisichojengeka tena.

Kesho saa 11 alfajiri yule mtoto wa darasa la kwanza ataamshwa tena. Kabla hujamfungia mlango, jiulize ni nani anayempokea upande wa pili, na kama hulijui jina lake, usiende kazini kabla hujaliuliza.